Testosteroni, insulini na kitambi: mwongozo kamili kwa mwanamume mwenye kisukari au anayekielekea

Mwanamume wa miaka hamsini ana kitambi, anachoka mapema na hamu ya tendo la ndoa imepungua. Akipimwa sukari kabla ya kula anakutwa na 8.4 mmol/L. Hapo kwa kawaida huambiwa moja kati ya mambo mawili: ama kila kitu kimeletwa na sukari, ama homoni zimeshuka na anahitaji sindano. Kila jibu lina ukweli wake, lakini ukianza na lile lisilokuhusu unapoteza fedha, na wakati mwingine unapoteza uwezo wa kupata mtoto. Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao daktari wa homoni angeufuata. Unamhusu mwanamume pekee, kwa sababu kwa wanawake hesabu hugeuka: kwao testosteroni ikizidi ndipo usugu wa insulini huonekana zaidi.

Nani anamwangusha nani

Testosteroni hutengenezwa kwenye korodani kwa amri ya homoni ya LH, inayotoka kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo. Ikishaingia kwenye damu, karibu yote hubebwa na protini mbili. Ya kwanza ni SHBG, inayotengenezwa na ini na kuishika homoni kwa nguvu. Ya pili ni albumini, ambayo huiachia kirahisi. Sehemu inayoelea huru ni ndogo sana, kama asilimia 2 hivi.

Sasa weka kitambi. Mafuta yakijaa tumboni na ndani ya ini, seli huanza kuwa sugu kwa insulini, na kongosho hujibu kwa kumwaga insulini zaidi. Ini lililo katika hali hiyo hupunguza kutengeneza SHBG, na wabebaji wakipungua, jumla ya testosteroni kwenye damu hushuka hata kama ile huru bado inatosha. Wakati huohuo mafuta yenyewe yana kimeng'enya cha aromatase kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni. Ubongo nao huzembea kutoa amri. Panya walioondolewa kipokezi cha insulini kwenye neva za ubongo walipungukiwa LH ingawa korodani zao hazikuguswa.

Upande wa pili nao ni wa kweli. Misuli ndiyo mteja mkubwa wa sukari ambayo insulini inaisukuma, na testosteroni ikipungua misuli hupungua, mafuta ya tumbo huongezeka, na usugu unazidi. Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka kwa wagonjwa wa saratani ya tezi dume wanaopewa dawa za kuzima testosteroni. Uchunguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, uliowafuatilia wanaume zaidi ya 73,000, ulionyesha kwamba waliopewa dawa hizo walipata kisukari kwa kiwango cha juu zaidi kwa takriban asilimia 44 kuliko wasiopewa. Mgonjwa wa namna hiyo anastahili kupimwa sukari kabla ya sindano ya kwanza na mara kwa mara baada yake, na mara nyingi hakuna anayemkumbusha.

Kwa hiyo ni mduara. Ila kwa mwanamume mwenye kitambi ambaye korodani zake ni nzima, upande wenye uzito zaidi ni wa insulini. Ndiyo maana tunaanzia huko.

Hatua ya 1: Jua kama unastahili kupima

Usipime homoni kwa sababu ya uchovu peke yake, maana uchovu una sababu lukuki. Dalili zinazoelekeza kweli ni tatu na zote ni za chumbani: kuamka asubuhi bila uume kusimama, kuwaza tendo la ndoa mara chache kuliko zamani, na uume kushindwa kusimama vizuri. Zikikutana zote tatu, kipimo kina maana. Ongeza hapo nywele za mwilini kupungua, matiti kuota, korodani kunywea, au mfupa kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu.

Tahadhari moja kwa mwenye kisukari: uume kutosimama peke yake, huku hamu ikiwa palepale, mara nyingi ni tatizo la mishipa ya damu na neva. Huyo anahitaji kupimwa moyo, shinikizo la damu na kolesteroli kabla ya homoni.

Chukua pia futi ya fundi nguo. Pima kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi, bila kuvuta tumbo ndani. Sentimita 94 na kuendelea ni dalili ya hatari kwa mwanamume, na kwa wenye asili ya Asia ya Kusini mpaka ni 90. Kipimo cha suruali hakisaidii, kwa sababu wengi hufunga mkanda chini ya kitambi.

Hatua ya 2: Toa damu kwa wakati sahihi

Hapa ndipo majibu mengi huharibika. Testosteroni hupanda alfajiri na kushuka mchana, na chakula huishusha pia. Kunywa gramu 75 za glukosi, kile kinywaji cha kipimo cha sukari, huishusha kwa wastani wa robo nzima. Anayekunywa chai na maandazi kisha akafika maabara saa 8 mchana anaweza kutoka na jibu la ugonjwa asionao.

Fanya hivi. Usile kitu tangu saa 3 usiku, maji ruksa. Fika maabara kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, ukiwa umelala usiku wa kawaida. Mlinzi au dereva wa lori anayelala mchana ahesabu kutoka alipoamka: damu itolewe ndani ya saa 2 au 3 baada ya usingizi wake mkuu. Kama umetoka kuugua malaria, nimonia au umefanyiwa upasuaji, ngoja mwezi mmoja upite, kwa sababu ugonjwa wowote mkali huzima homoni hii kwa muda. Acha vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini siku 3 kabla, maana huvuruga mashine nyingi za kupimia homoni.

Kwa sindano moja ya damu, omba haya: jumla ya testosteroni, SHBG, albumini, sukari ya kabla ya kula, HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi 2 hadi 3 iliyopita), mafuta ya damu, na picha kamili ya damu. Mfuko ukibana, anza na testosteroni, sukari na HbA1c. Testosteroni ikitoka chini, rudia siku nyingine asubuhi, na safari hiyo ongeza SHBG, LH, na homoni nyingine mbili za pituitari, FSH na prolaktini. Hakuna anayepaswa kuitwa mgonjwa wa homoni kwa kipimo kimoja.

HbA1c nayo ina mtego wake kwetu. Mwenye siko seli, hata mbebaji tu, anaweza kupata jibu la chini kuliko hali halisi. Upungufu wa madini ya chuma huweza kulipandisha. Kama HbA1c na kipimo cha kidoleni havikubaliani, amini sukari ya kabla ya kula: 7.0 mmol/L au zaidi mara mbili ni kisukari.

Hatua ya 3: Soma majibu bila kudanganyika

Angalia kwanza kizio. Maabara nyingine huandika nmol/L, nyingine ng/mL, nyingine ng/dL. Ukiwa na ng/mL, zidisha kwa 3.47 upate nmol/L. Ukiwa na ng/dL, gawanya kwa 28.8. Mtu mwenye 4.1 ng/mL ana 14 nmol/L na hana tatizo. Akidhani 4.1 ile ni nmol/L ataingiwa na hofu bure.

Chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2018, kiliweka mpaka wa chini kuwa 9.2 nmol/L, yaani 264 ng/dL. Wataalamu wa Ulaya huona chini ya 8 kuwa upungufu wa wazi, juu ya 12 kuwa salama, na katikati kuwa eneo la kuhesabu testosteroni huru, ambayo mpaka wake wa chini ni kama 220 pmol/L.

Tazama wanaume wawili. Wote wana jumla ya 8.8 nmol/L na albumini ya gramu 43 kwa lita. Wa kwanza ana kilo 105, kisukari kipya, na SHBG yake ni 14. Ukiingiza namba hizo kwenye kikokotoo cha testosteroni huru, anapata takriban 255 pmol/L: homoni yake huru inatosha, kilichopungua ni wabebaji. Wa pili ni mwembamba, SHBG yake ni 45, na huru yake ni kama 140. Huyu ana upungufu wa kweli. Karatasi zao zikisomwa mstari wa kwanza tu, wote wawili watapewa sindano ileile.

Kinyume chake pia hutokea. Uzee, ugonjwa wa ini uliokomaa, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, na maambukizi ya VVU hupandisha SHBG. Kwa watu hao jumla huweza kuonekana nzuri huku ile huru iko chini. Mwanamume anayeishi na VVU na ana dalili zile tatu asiridhike na jumla peke yake.

LH ndiyo inayokuonyesha tatizo liko wapi. Testosteroni chini na LH juu maana yake korodani zimechoka: labda matumbwitumbwi ya ukubwani, jeraha, au tatizo la kuzaliwa nalo. Testosteroni chini na LH chini au ya katikati, tatizo liko juu, yaani kwenye ubongo au pituitari, na hapo ndipo wanaume wengi wenye kitambi na kisukari hukutwa. Lakini testosteroni ikiwa chini ya 5.2 nmol/L huku LH haipandi, au prolaktini ikiwa juu, au kichwa kinauma na macho hayaoni vizuri pembeni, usilaumu kitambi. Inatakiwa picha ya MRI ya pituitari.

Hatua ya 4: Ondoa wanaoshusha homoni kimyakimya

Mwaga mezani kila dawa unayotumia. Tramadol na dawa za maumivu za jamii yake hushusha LH. Prednisolone na deksamethasoni hushusha testosteroni na papo hapo hupandisha sukari. Na deksamethasoni ndiyo ile wengine hununua duka la dawa ili "wanenepe". Spironolactone, dawa ya presha na moyo, huzuia testosteroni isifanye kazi. Pombe ya kila siku huumiza korodani na ini kwa pamoja. Kijana aliyejidunga steroidi za kujenga misuli kisha akaacha anaweza kukaa miezi mingi na homoni ya mzee.

Na zile dawa za nguvu za barabarani, za unga au za chupa: nyingi zinazofanya kazi ndani ya saa moja zimechanganywa sildenafil, dawa ya hospitali ya kusimamisha uume, bila kuandikwa. Kwa mwenye kisukari anayetumia dawa ya nitrati kwa ajili ya maumivu ya kifua, mchanganyiko huo unaweza kushusha presha hadi akafa.

Usibadilishe mwenyewe dawa uliyoandikiwa. Prednisolone ya muda mrefu ikikatwa ghafla ni hatari kuliko tatizo unalotafuta kulitibu.

Hatua ya 5: Shughulikia insulini kwa miezi sita

Hii ndiyo sehemu inayofanya kazi kubwa zaidi. Tafiti zilizojumlishwa mwaka 2013 zilionyesha kwamba kupunguza uzito kwa chakula kulipandisha testosteroni kwa wastani wa 2.9 nmol/L, na upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula kwa 8.7. Yule wa kilo 105 mwenye 8.8 akipanda kwa wastani huo anafika 11.7, bila sindano na bila kugusa mbegu zake. Huko Uingereza, katika utafiti wa DiRECT, wagonjwa wa kisukari aina ya pili wasiotumia insulini walipewa chakula cha kalori kama 850 kwa siku kwa miezi 3 hadi 5. Baada ya mwaka mmoja asilimia 46 hawakuwa tena na kisukari bila dawa, na kati ya waliopunguza kilo 15 au zaidi walikuwa asilimia 86. Chakula kidogo kiasi hicho kinahitaji usimamizi wa hospitali. Kwa wengi lengo la asilimia 10 linatosha kuanzia, yaani kilo 10 au 11 kwa huyu wetu, nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki.

Anza na kinywaji. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja ni gramu 36 za sukari, na hapo hujahesabu soda. Juisi ya miwa au ya embe haina tofauti kwa kongosho, hata ikiwa "ya asili". Kisha gawa sahani: nusu iwe mchicha, sukuma wiki, kabichi au kachumbari, robo iwe dagaa, samaki, maharage, kunde, mayai au kuku bila ngozi, robo iliyobaki ndiyo ugali au wali, usiozidi ngumi yako. Wanga wa aina moja kwa mlo mmoja, siyo wali na chapati na viazi kwenye sahani ileile. Kula mboga na maharage kwanza, wanga mwisho. Sukari hupanda polepole zaidi. Mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko, kwa sababu kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120, na sufuria ya mboga za kukaanga humeza vitano bila mtu kutambua.

Baada ya hapo, misuli. Kutembea dakika 150 kwa wiki ni kiwango cha chini, na dakika 10 hadi 15 mara baada ya mlo mkubwa zina faida ya pekee kwa sukari ya mlo huo. Lakini kutembea hakujengi misuli. Mara 2 au 3 kwa wiki, ukiruka siku moja katikati, fanya seti 3 za mara 8 hadi 12: kuchuchumaa hadi makalio yaguse kiti na kusimama bila kushika, pushapu, ukianza na ukuta, kisha meza, kisha sakafu, na kuvuta dumu. Dumu la lita 20 likijazwa nusu lina kilo 10. Inama kwa nyonga, mgongo umenyooka, livute hadi ubavuni. Ukiweza mara 12 katika seti zote tatu bila kuvunja umbo, ongeza lita 2. Toa pumzi unaponyanyua. Kubana pumzi hupandisha presha, na mwenye tatizo la macho la kisukari lisilotibiwa asinyanyue mizigo mizito kabla ya kuonwa na daktari wa macho. Mwenye ganzi miguuni avae viatu vilivyofunika na akague nyayo kila jioni.

Usingizi hauna mbadala. Vijana kumi wenye afya mjini Chicago waliruhusiwa kulala kwa muda wa saa tano tu kila usiku kwa wiki moja, na testosteroni yao ya mchana ikashuka kwa asilimia 10 hadi 15. Anayekoroma na kukatika pumzi usiku apimwe. Hali hiyo huharibu homoni na insulini kwa pamoja, na ni kikwazo cha sindano kama utakavyoona.

Kosa linalopeleka watu hospitali katika hatua hii ni kuendelea na dozi ileile ya dawa za kisukari. Insulini ikianza kufanya kazi vizuri, vidonge vya glibenclamide na glimepiride na sindano za insulini huweza kushusha sukari chini ya 4.0: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Pima kidoleni kila siku katika wiki za mwanzo, na umwone daktari apunguze dozi mapema. Metformin peke yake haina hatari hiyo.

Hatua ya 6: Sindano, kwa wachache

Rudia vipimo baada ya miezi sita. Asiye na dalili, au mwenye testosteroni huru ya kutosha, hana cha kutibu upande huu. Anayebaki chini mara mbili, ana dalili, na sababu imetafutwa, huyo ndiye wa kuzungumza naye.

Je, homoni inatibu kisukari? Utafiti wa Australia wa 2021 uliwachukua wanaume 1,007 wa miaka 50 hadi 74 wenye viuno vya sentimita 95 au zaidi, wakiwa karibu na kisukari au wamekipata karibuni. Wote waliwekwa kwenye mpango wa lishe na mazoezi. Nusu walipata testosteroni. Baada ya miaka miwili, waliokuwa na sukari ya kiwango cha kisukari walikuwa asilimia 12 kwa waliopata homoni na 21 kwa wasiopata. Inavutia, ila asilimia 22 ya waliopata homoni damu yao ilikuwa nzito kupita mpaka, dhidi ya 1 upande wa pili. Utafiti wa Marekani wa TRAVERSE, wenye wanaume zaidi ya 5,000, haukuona homoni peke yake ikizuia watu wa sukari ya mpakani wasiingie kwenye kisukari. Mshtuko wa moyo na kiharusi havikuongezeka, lakini mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na damu kuganda kwenye mapafu viliongezeka. Msimamo wetu: testosteroni hutolewa kutibu upungufu wa testosteroni. Sukari ikishuka, ni nyongeza.

Hapewi mwenye saratani ya tezi dume au ya titi, mwenye uvimbe wa tezi dume uliohisiwa kwa kidole, PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) inayozidi 4 ng/mL (kwa mwanamume Mwafrika mpaka unashushwa hadi 3), aliyepata kiharusi au mshtuko wa moyo ndani ya miezi 6, mwenye moyo unaoshindwa kufanya kazi na haujadhibitiwa, anayekatika pumzi usingizini bila matibabu, wala mwenye hematokriti (sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu) inayozidi asilimia 48. Kwa wanaoishi nyanda za juu, kama Iten, mpaka ni 50, kwa kuwa hewa nyembamba yenyewe hunenesha damu. Na hapewi anayetaka mtoto karibuni: sindano huzima LH, korodani huacha kutengeneza mbegu, na kurejea kwake huchukua miezi 6 kwa wengi na hata miaka 2 kwa baadhi. Hili liulizwe kwa sauti hata kwa mzee wa miaka 55.

Dozi za kawaida ni testosterone enanthate au cypionate miligramu 75 hadi 100 kwa wiki, au 150 hadi 200 kila wiki mbili, kwenye msuli. Ya muda mrefu ni undecanoate miligramu 1,000: ya pili baada ya wiki 6, kisha kila wiki 10 hadi 14. Ujazo wake ni mililita 4 za mafuta, isukumwe polepole kwa dakika 2, na mgonjwa akae kituoni nusu saa, kwa sababu mafuta yakiingia mshipani huleta kikohozi na kubanwa pumzi. Ya kupaka ni nzuri mahali panapopatikana, ila mikono ioshwe na ngozi ifunikwe, mtoto asije akaigusa.

Hatua ya 7: Ufuatiliaji

Testosteroni hupimwa miezi 3 hadi 6 baada ya kuanza: kwa enanthate, katikati ya sindano mbili, kwa undecanoate, kabla tu ya sindano inayofuata. Inatakiwa ikae katikati ya kiwango cha kawaida, siyo kileleni. Wanaopima kesho yake baada ya sindano ya enanthate huona namba kubwa, hupunguziwa dozi bila sababu, na wiki ya pili hulegea.

Hematokriti hupimwa kabla, miezi 3 hadi 6, mwaka mmoja, halafu kila mwaka. Ikizidi asilimia 54, sindano inasimama hadi ishuke. Itafutwe sababu nyingine kama sigara au kukatika pumzi usingizini, kisha dozi irudi ikiwa ndogo. PSA ikipanda kwa zaidi ya 1.4 ng/mL ndani ya mwaka wa kwanza, mwone daktari wa njia ya mkojo. HbA1c kila miezi 3, kwa sababu dozi za dawa za kisukari zitahitaji kuguswa tena.

Kama testosteroni imefika mahali pake kwa miezi 6 na dalili zile tatu ziko palepale, sindano haikuwa jibu na inapaswa kusitishwa. Usishangae ukijisikia vibaya kwa wiki kadhaa baada ya kuacha: LH iliyozimwa huamka taratibu, kwa wengi kati ya miezi 6 na 12, na kipimo cha testosteroni kinachochukuliwa kabla ya hapo kitatoka chini hata kwa mwanamume aliyekuwa mzima tangu mwanzo.